Kwa Nini Ndege Nyingi za Vita Zilianguka Kandokando ya Vijiji vya Uingereza

Katika vijiji vingi vya mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuna mawe na vibao vya kumbukumbu vinavyotaja ndege ya kivita iliyoanguka mahali fulani jirani kati ya mwaka 1939 na 1945, pamoja na majina na umri wa vijana waliofia ndani yake. Si ajabu kwa kijiji kimoja chenye kanisa, shule na mitaa miwili mitatu kuzungukwa na sehemu kadhaa za namna hiyo: ndege ya mabomu aina ya Lancaster katika shamba la viazisukari, nyingine aina ya Wellington ukingoni mwa msitu, ndege ndogo ya kivita aina ya Spitfire ndani ya kinamasi. Mtu asiyeifahamu historia ya maeneo hayo hudhani moja kwa moja kwamba ndege zote zilitunguliwa na Wajerumani. Dhana hiyo inaeleweka, na kwa kaunti za kusini kama Kent na Sussex, ambako mapambano ya angani ya mwaka 1940 yalipiganwa mchana kweupe juu ya vichwa vya wakulima, ina ukweli mwingi. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya nchi na kwa miaka mingi ya vita, ndege iliyoanguka karibu na kijiji ilikuwa ya Waingereza wenyewe au ya washirika wao, na mara nyingi haikuwa imeguswa na risasi hata moja ya adui.

Takwimu za Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Jeshi la Anga la Uingereza zinatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Wanaanga wapatao 125,000 walihudumu chini ya kamandi hiyo, na 55,573 kati yao waliuawa. Zaidi ya 8,000 katika hao hawakufa wakishambulia Ujerumani wala wakirudi kutoka huko; walikufa katika mafunzo na katika safari nyingine zisizo za mapigano, nyingi zikiwa juu ya ardhi ya Uingereza. Hiyo ni kama mtu mmoja katika kila saba waliouawa. Hesabu hiyo haiwahusu marubani wa ndege ndogo za kivita, wala Wamarekani, wala wale waliorudi salama kutoka vitani na kuangamia katika dakika za mwisho kabla ya kutua.

Sababu ya kwanza ni ya kijiografia. Viwanja vya ndege vilijengwa kwa kasi isiyokuwa na mfano, hasa katika kaunti tambarare za mashariki zinazoielekea Ujerumani. Kufikia mwisho wa vita, kaunti ya Lincolnshire peke yake ilikuwa na viwanja karibu 50. Uwanja wa kawaida wa ndege nzito ulikuwa na njia tatu za kurukia zilizokatana, ile kuu ikiwa na urefu wa takriban mita 1,830, na ulimeza mashamba kadhaa kwa mara moja. Vijiji havikuhamishwa kupisha viwanja, isipokuwa nyumba chache zilizosimama mahali pabaya. Badala yake, kila uwanja ulipewa jina la kijiji jirani, na majina kama Bourn, Graveley, Elvington, Seething na Warton, ambayo kabla ya vita yalijulikana kwa wenyeji tu, yakaingia katika kumbukumbu za kijeshi. Mara nyingi uwanja mmoja ulikuwa kilomita chache tu kutoka mwingine, kiasi kwamba mizunguko ya ndege zilizosubiri kutua katika viwanja viwili ilikaribiana au hata kuingiliana. Usiku, taa zikiwa zimezimwa nchi nzima kwa hofu ya mashambulizi, rubani aliyechoka angeweza kujiunga na foleni ya uwanja usio wake, au kukutana na ndege nyingine gizani.

Tukumbuke pia uzito wa ndege zenyewe. Lancaster iliweza kubeba takriban lita 9,800 za petroli, na juu ya hapo tani kadhaa za mabomu. Ndege iliyojazwa hivyo, ikiondoka kwa nguvu zote za injini zake nne, haikuwa na akiba ya nguvu wala ya kimo. Injini moja ikizimika katika dakika ya kwanza, rubani alikuwa na sekunde chache za kuamua, na mbele yake, mwishoni mwa njia ya kurukia, palikuwa na miti, nyaya za simu na mapaa ya kijiji. Ndiyo maana ramani za ajali zinaonyesha msongamano mkubwa katika mistari inayofuata mwelekeo wa njia za kurukia.

Wamarekani wa Jeshi la Anga la Nane, waliojaa Norfolk na Suffolk kuanzia mwaka 1942, waliongeza tatizo la namna nyingine. Wao walishambulia mchana katika makundi yaliyopangwa kwa ukaribu, na ili makundi hayo yapangike, mamia ya ndege yalilazimika kupanda alfajiri yakizunguka minara ya redio, mara nyingi ndani ya mawingu mazito, kabla ya kukutana juu ya mawingu na kushika nafasi zao. Vikosi vya Liberator, ndege nzito ya mabomu ya Kimarekani, vilitumia ndege kuukuu zilizopakwa mistari au madoadoa ya rangi kali ili marubani wazitambue na kukusanyika nyuma yake. Chini ya mawingu hayo walikuwepo watu waliosikia ngurumo bila kuona kitu, mpaka vipande vya ndege mbili zilizogongana vilipoanza kudondoka. Kwa maoni yangu, hakuna sehemu ya vita hii ya angani inayosahauliwa upesi kama hiyo, kwa sababu watu hao walikufa kabla ya safari yao ya vita kuanza.

Sababu ya pili ni mafunzo. Wanaanga wengi wa Jumuiya ya Madola walifundishwa kwanza Kanada, Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, yaani katika nchi zenye anga kubwa, mwanga mwingi na miji inayowaka taa usiku. Walipofika Uingereza walikuta mawingu ya chini, mvua, moshi wa viwanda na giza la makusudi. Huko walipelekwa kwenye vitengo vya mafunzo ya mapambano, ambako rubani, mwongoza njia, mrusha mabomu, mtu wa redio na mfyatua bunduki walikusanywa katika banda moja kubwa na kuachwa wachaguane wenyewe ili kuunda timu ya ndege moja. Utaratibu huo, ambao pengine unaonekana wa kizembe, ulisifiwa na wengi waliopitia, kwa sababu watu waliochaguana waliaminiana. Lakini ndege walizopewa kujifunzia zilikuwa zile zilizochoka vitani: Whitley na Wellington za zamani, na baadaye Stirling na Halifax zilizoondolewa katika vikosi vya mstari wa mbele. Mwanafunzi mwenye uzoefu mdogo, ndani ya ndege yenye injini zilizochoka, usiku, katika hali ya hewa asiyoizoea: hapo ndipo sehemu kubwa ya ajali za vijijini ilipotokea, hasa katika kaunti za kati na za magharibi ambako vitengo hivyo viliwekwa mbali na ndege za adui.

Hali ya hewa inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu iliua hata wale waliokuwa hodari. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Desemba 1943, Lancaster 483 zilitumwa kuishambulia Berlin. Ndege 25 zilipotea kwa mikono ya adui. Zilizobaki zilirudi na kukuta ukungu na mawingu yaliyolala karibu na ardhi yakiwa yamefunika viwanja vya mashariki, na katika saa chache zilizofuata Lancaster 29 nyingine ziligonga ardhi, au ziliachwa na timu zao zilizoruka kwa miavuli mafuta yalipokaribia kwisha. Watu karibu 150 walikufa hivyo, nyumbani, baada ya kuvuka bunduki zote za Ujerumani kwenda na kurudi. Kikosi cha 97 kilichokuwa katika kijiji cha Bourn, Cambridgeshire, kilipoteza ndege saba katika ukungu ule. Mtu akitazama idadi hizo mbili, 25 na 29, anaona kwamba usiku ule mashamba ya Uingereza yaliharibu ndege nyingi kuliko ulinzi wote wa Berlin.

Jibu la Waingereza kwa ukungu lilikuwa la nguvu na la gharama. Mabomba yalilazwa pande zote mbili za njia ya kurukia, petroli ikasukumwa ndani yake na kuwashwa, na joto la moto huo likauinua ukungu kiasi cha kumwezesha rubani kuona anapotua. Mfumo huo uliwekwa katika viwanja 15 hivi, ulikula mamia ya maelfu ya lita kwa saa, na unahesabiwa kuwa uliwezesha ndege zipatazo 2,500 kutua. Aidha, viwanja vitatu vya dharura vilijengwa karibu na pwani ya mashariki, Woodbridge, Manston na Carnaby, vyenye njia pana na ndefu kupita kawaida, ili ndege iliyoharibika au iliyopungukiwa mafuta itue bila kuzunguka. Hatua hizo ziliokoa watu wengi, lakini hazikuweza kumsaidia rubani aliyekuwa amepotea juu ya vilima vya kaskazini.

Vilima hivyo si virefu kwa kipimo cha milima tunayoijua Afrika Mashariki. Bleaklow, katika vilima vya Peak District juu ya mji wa Glossop, ina mita 633 tu, na Cheviot, mpakani mwa Scotland, ina mita 815. Hatari yake ilitokana na namna ndege zilivyopima kimo. Kifaa cha kupimia kimo hakikuona ardhi. Kilipima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa kimo, kwa kufuata kiwango kilichowekwa katika uwanja wa kuondokea. Karibu na usawa wa bahari, badiliko la milibari moja ni sawa na mita nane hadi tisa za kimo. Ndege iliyoingia katika eneo lenye mgandamizo uliopungua kwa milibari 15 ingemwonyesha rubani kwamba yuko juu kwa zaidi ya mita 120 kuliko alivyokuwa kweli. Ukiongeza upepo uliomsukuma kando ya njia yake bila yeye kujua, na mawingu yaliyomzuia kuona chini, unapata maelezo ya ajali nyingi za vilimani: rubani anaamini kwamba yuko juu ya tambarare, anashuka taratibu chini ya mawingu ili atafute alama ya kumwelekeza, na kilima kinamkuta akiwa ndani ya mawingu.

Tarehe 18 Mei 1945, siku kumi baada ya vita kumalizika Ulaya, Lancaster yenye namba KB993 ya Kikosi cha 408 cha Kanada iligonga kilima cha James's Thorn, sehemu ya Bleaklow, na vijana sita wakafa. Hawakuwa vitani, na hapakuwa na adui tena wa kuwatungua. Tarehe 24 Julai mwaka huohuo, ndege ya mizigo ya Kimarekani aina ya C-47 iligonga kilima kilekile, si mbali na mabaki ya ile ya kwanza. Mahali pawili hapa huchanganywa mara kwa mara na wageni wanaopanda huko, na vipande vya ndege moja huelezwa kuwa vya nyingine.

Katika Cheviot, tarehe 16 Desemba 1944, ndege ya mabomu ya Kimarekani aina ya B-17 iliyokuwa ikirudi na mabomu yake iligonga kilima katikati ya dhoruba ya theluji. Wawili katika timu yake ya watu tisa walikufa. Wachunga kondoo wawili wa eneo hilo walipanda na mbwa aitwaye Sheila, ambaye aliwagundua wanaanga wanne waliokuwa wamejibanza chini ya ukingo wa udongo wakijikinga na baridi, na wote wakashushwa salama kabla ya mabomu kulipuka. Mwaka uliofuata Sheila alipewa Medali ya Dickin, ambayo hutolewa kwa wanyama waliofanya jambo la ushujaa vitani.

Ajali nyingi kati ya hizi ziliwaua wanaanga peke yao. Ile ya Freckleton haikuwa hivyo, na ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi maana ya kuishi karibu na uwanja wa ndege wakati wa vita. Freckleton ni kijiji cha Lancashire, karibu na mdomo wa mto Ribble, mbali kabisa na kaunti zilizorusha ndege kwenda Ujerumani. Jirani yake, Warton, Wamarekani walikuwa na karakana kubwa iliyotengeneza na kurekebisha maelfu ya ndege kabla ya kuzipeleka vikosini. Kila ndege iliyotoka karakanani ilihitaji kurushwa kwa majaribio, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya kawaida.

Asubuhi ya tarehe 23 Agosti 1944 Liberator mbili ziliondoka kwa safari ya majaribio. Muda mfupi baadaye dhoruba kali ilionekana ikija kutoka baharini na zikaitwa zirudi. Dhoruba iliwahi. Upepo ulikaribia kilomita 100 kwa saa, mvua ilifunika kila kitu, na miji jirani ya pwani ilikumbwa na mafuriko ya ghafla. Rubani wa ndege moja, akiwa karibu kutua, aliuarifu mnara kwamba anaacha kutua na atazunguka tena, lakini hakufanikiwa. Ndege ikiwa chini sana na imelala ubavu, ncha ya bawa iligonga mti, kisha bawa likang'oka kwenye kona ya jengo. Kiwiliwili cha ndege kilibomoa nyumba tatu na mkahawa uliokuwa ukiwahudumia wanajeshi wa Kimarekani, kikavuka barabara ya Lytham huku kikiwaka, na sehemu yake ikaangukia upande wa watoto wadogo wa Shule ya Holy Trinity. Petroli iliyomwagika ikageuka ziwa la moto. Saa ya ukutani katika darasa moja ilisimama saa 4:47 asubuhi.

Walikufa watu 61. Kati yao walikuwemo watoto 38, wengi wao wakiwa wameanza shule siku chache tu zilizopita, na walimu wao, na wanaanga watatu, na Wamarekani, Waingereza na raia waliokuwa mkahawani. Kijiji kizima kilipoteza karibu darasa lote la watoto wake wadogo katika dakika moja, kwa ndege ya rafiki, katika kaunti ambayo wakati huo haikuwa tena na hofu kubwa ya mashambulizi. Uchunguzi wa kijeshi haukuweza kutaja sababu moja ya uhakika, kwa kuwa ndege iliharibika kiasi cha kutoacha ushahidi wa kutosha, na haukuondoa uwezekano kwamba sehemu ya ndege ilivunjika angani. Lakini ulihitimisha kwamba rubani hakutambua ukali wa dhoruba mpaka alipokuwa katika hatua ya mwisho ya kutua, ambapo hakuwa tena na kimo wala mwendo wa kumwezesha kujinasua. Ripoti iliongeza jambo ambalo naliona kuwa la maana kuliko yote: marubani wengi wa Kimarekani waliamini kuwa dhoruba za Uingereza ni manyunyu tu, na ikapendekeza waonywe kwa msisitizo. Wanajeshi wa Warton walichangia fedha na kujenga kwa mikono yao bustani na uwanja wa michezo wa watoto, uliofunguliwa Agosti 1945. Watoto wengi walizikwa pamoja katika kaburi moja la kanisa la kijiji.

Adui naye alikuwa na sehemu yake hata mbali na kusini. Kati ya mwaka 1940 na 1941 ndege za Kijerumani za usiku zilizoruka kutoka Uholanzi zilizisubiri ndege za Uingereza juu ya viwanja vya Uingereza vyenyewe, taa za kutulia zikiwa zimewashwa, mpaka Hitler alipoamuru zoezi hilo lisimamishwe Oktoba 1941. Lilirudiwa kwa nguvu usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 1945, ambapo ndege nyingi za Kijerumani aina ya Ju 88 zilizifuata ndege za mabomu za Uingereza hadi nyumbani na kuangusha zaidi ya 20. Moja ya Ju 88 hizo iliangukia nyumba ya shamba huko Sutton upon Derwent, karibu na Elvington, Yorkshire, ikaua wanaanga wake wanne na watu watatu wa nyumba hiyo. Inatambuliwa kuwa ndege ya mwisho ya jeshi la anga la Ujerumani kuanguka katika ardhi ya Uingereza wakati wa vita.

Kuna pia ajali ambazo wanakijiji hawakuweza kuelezwa kwa sababu zilikuwa siri. Tarehe 12 Agosti 1944, Liberator ya jeshi la majini la Marekani iliyobeba zaidi ya tani tisa za baruti ililipuka angani karibu na Blythburgh, Suffolk. Marubani wake wawili, mmoja akiwa Joseph Kennedy, kaka mkubwa wa rais wa baadaye wa Marekani, walikuwa wairushe kwanza, kisha waruke kwa miavuli na kuiacha iongozwe kwa redio mpaka kwenye ngome ya silaha za Kijerumani kaskazini mwa Ufaransa. Ililipuka kabla hawajaruka, na makumi ya nyumba yaliharibiwa. Kwa miaka mingi wenyeji waliishi na kuta zilizopasuka bila kujua kilichokuwa ndani ya ndege ile.

Baada ya kuelewa sababu, linabaki swali linalowasumbua sana wanaoandika historia ya kijiji kimoja: kwa nini orodha mbili za ajali za eneo lilelile hazilingani kamwe? Jibu liko katika namna kumbukumbu zilivyowekwa. Jeshi la Anga la Uingereza lilijaza kadi ya ajali, Fomu 1180, na kila kikosi kiliandika kitabu chake cha shughuli za kila siku. Wamarekani walikuwa na ripoti zao. Polisi wa kaunti na walinzi wa raia waliandika za kwao. Kila mmoja alitaja mahali kwa njia yake. Jeshi liliandika jina la uwanja au mji wa karibu, polisi waliandika parokia au shamba, na Wamarekani, ambao viwanja vyao vilipewa namba, waliandika umbali na mwelekeo kutoka uwanjani. Kwa hiyo ajali moja yaweza kuonekana katika vijiji vitatu, na ajali tatu zaweza kuandikwa chini ya jina la mji mmoja ambao hazikuufikia.

Tarehe nazo hudanganya. Operesheni za usiku zilianza siku moja na kumalizika nyingine, ndiyo maana huandikwa kwa tarehe mbili, na mwandishi asiye makini huchagua moja bila kufikiri. Zaidi ya hayo, majira ya kiangazi ya vita Uingereza ilisogeza saa zake mbele kwa saa mbili kupita saa za Greenwich, huku baadhi ya kumbukumbu zikiendelea kutumia saa za Greenwich. Ajali iliyotokea saa saba na nusu usiku kwa saa ya mwanakijiji iliandikwa na jeshi kuwa ya saa tano na nusu usiku wa siku iliyotangulia, na hivyo zikazaliwa ajali mbili mahali palipokuwa na moja.

Kisha kuna utambulisho wa ndege yenyewe. Watu walioiona walikumbuka herufi kubwa zilizopakwa ubavuni, mbili za kikosi na moja ya ndege. Herufi hizo hazikuwa za ndege moja peke yake; ndege ikipotea, nyingine ilikuja na kupakwa zilezile, wakati mwingine ndani ya juma hilohilo. Kinachotofautisha ndege moja na nyingine zote ni namba yake ya usajili, ndogo, karibu na mkia: kwa Waingereza herufi na tarakimu kama KB993, kwa Wamarekani tarakimu zinazoanza na mwaka wa bajeti ndege ilipoagizwa, kama 42-50291 ya Freckleton. Mtafiti makini huanzia hapo. Na hata neno ajali lina mipaka inayobadilika, kwa kuwa kijiji kitakumbuka Spitfire iliyotua kwa tumbo shambani, lakini jeshi liliipakia, likaitengeneza, na kuirudisha vitani bila kuihesabu miongoni mwa zilizopotea.

Simulizi za wenyeji zina thamani kubwa katika jambo hili, hasa kwa sababu magazeti ya wakati wa vita yalizuiwa mara nyingi kutaja mahali. Mzee aliyekuwa mtoto mwaka 1943 aweza kuonyesha shimo ambalo hakuna fomu iliyolitaja. Hata hivyo, kuna simulizi moja inayorudiwa karibu kila kijiji na inayohitaji heshima na uangalifu kwa pamoja: kwamba rubani angeweza kuruka na kujiokoa, lakini alibaki kwenye usukani ili aikwepeshe ndege na nyumba au shule. Mara nyingine ushahidi upo. Mara nyingi zaidi, ndege iliyozimika injini au iliyovunjika bawa haikuwa na usukani wa kushika, na aliyeiona kutoka chini hakuweza kujua kilichokuwa kikitendeka ndani. Sidhani kwamba tunawaheshimu vijana hao kwa kuwapa matendo yasiyothibitika. Kupanda ndege ile usiku baada ya usiku, wakijua idadi ya wenzao ambao hawakurudi, kunawatosha.

Mabaki ya kimwili husaidia kukata shauri pale karatasi zinapogongana. Wakati wa vita walinzi waliwekwa mahali pa ajali, kisha vikosi vya matengenezo vilikuja na matrela marefu na ya chini kuchukua kilichobaki. Alumini iliyeyushwa na kutumika upya. Lakini ndege ndogo iliyoporomoka kwa wima katika udongo laini ilizama mita kadhaa, na wasafishaji, wakiwa na kazi nyingine nyingi, walichukua vya juu na kufukia shimo. Injini zilizobaki chini zina namba zinazoweza kulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda na za jeshi, na hata vipande vidogo huwa na mihuri: sehemu nyingi za Spitfire, kwa mfano, zina namba inayoanza na 300.

Uchimbaji wa mabaki hayo ulishamiri hasa katika miaka ya 1970, mwingine ukifanywa kwa uangalifu na mwingine kwa pupa ya kutafuta vitu vya kuuza, na mara kadhaa wachimbaji walikuta miili ya watu ambao familia zao zilikuwa zimeambiwa kwamba hawakupatikana. Sheria ya Kulinda Mabaki ya Kijeshi ya mwaka 1986 iliziweka chini ya ulinzi ndege zote za kijeshi zilizoanguka katika ardhi ya Uingereza, ziwe za Waingereza, za Wamarekani au za Wajerumani, bila kuhitaji kila moja kutajwa kwa jina. Anayetaka kuchimba lazima aombe leseni Wizara ya Ulinzi, aeleze ni ndege gani anayoamini iko hapo na kwa ushahidi gani, na apate ridhaa ya mwenye ardhi. Kwa kawaida leseni hainyimwi kwa sababu ya umri wa mabaki bali pale inapodhaniwa kuwa kuna miili ya watu au mabomu ambayo hayajalipuka, na katika hali hiyo hata mkulima mwenyewe hana haki ya kuifukua ndege iliyo chini ya shamba lake.